Honi ya Eleuterio

Nolfa Quisbert aliendesha malori ya mgodi wa shaba, jangwani Atacama, mpaka malori yalipoanza kujiendesha yenyewe. Akahamishiwa ukaguzi wa barabara, akapewa redio na kidude cha kuvaa kiunoni. Sharti halikuwa na mjadala: bila kidude usikanyage njia ya malori. Lori likikihisi, linasimama. Usipokuwa nacho, unategemea macho yake, na macho yale vumbi huyapofusha.

Kwenye kona ya juu palikuwa na kibanda cha bati, kimo cha goti, cha marehemu mumewe Eleuterio. Lori lake lilibingirika pale. Watu wa kule hawajengi kibanda cha namna hiyo makaburini. Wanakijenga pale roho ilipomtoka mtu, maana hapo ndipo inapobaki. Madereva walikuwa hawapiti bila kumpigia honi. Malori haya ya sasa yanapiga honi mbili tu kabla ya kuondoka, kwa kuwa yameamriwa, kisha yanampita Eleuterio kimya kama hayamjui. Hilo lilimuuma Nolfa kuliko kunyang'anywa usukani.

Jumatatu moja, siku ya kuwawashia marehemu mishumaa, injinia Ossandón alimwita.

"Kesho tunapanua barabara, Mama Nolfa. Kibanda kitaondoka."

"Na mwenyewe umemuuliza?"

"Mama, mimi na marehemu hatuna mawasiliano."

"Ndiyo maana unalala vizuri."

"Tutakijenga upya getini, pazuri kabisa."

"Getini hakufa mtu. Utamweka nani humo, bibi yako?"

Alasiri akapanda kwa miguu hadi kwenye kona. Akawasha mshumaa, akavua kidude, akakifunga kibandani kwa waya. Tingatinga la kesho nalo halina dereva. Likifika litadhani pana mtu, litagoma. Akili nyingi kweli! Ila yeye mwenyewe angeshukaje bila kidude, hilo halikumjia, na ndiye aliyekuwa akiwafokea wenzake kila siku kuhusu usalama.

Alipokuwa akishuka, katikati ya njia, upepo ukanyanyua vumbi. Akasikia changarawe zikisagika, karibu mno. Likatokea lori, jeusi, kubwa kama nyumba, na pa kukimbilia hapakuwepo. Akaita jina la mumewe.

Lori likafunga breki. Lilisimama karibu naye hata akahisi joto la injini usoni. Kisha likapiga honi, wala si zile mbili za amri: ndefu moja na fupi mwishoni, ile ile aliyokuwa akipigiwa na Eleuterio walipopishana kazini.

Redio ikakoroma. Alikuwa Ossandón.

"Mama Nolfa, una wazimu? Unatoka mbio kwenye kona unakuja kusimama mbele ya lori?"

"Nani katoka kwenye kona?"

"Wewe. Tumekiona kidude chako kwenye skrini. Kimeteremka mbio kikasimama barabarani. Hata sasa kipo, ubavuni mwako."

Nolfa akapapasa kiuno. Kitupu. Akageuza shingo taratibu. Palikuwa na vumbi tu, na baridi upande ule mmoja.

Vumbi lilipotulia, Ossandón alisimamisha malori yote, akamfuata, wakapanda pamoja. Kidude kilikuwa kibandani, waya umezungushwa vile vile alivyouzungusha Nolfa. Mshumaa bado unawaka. Hapo ndipo Nolfa alipolia, yeye ambaye mazikoni hakutoa hata chozi.

Kesho yake barabara ilipanuliwa upande wa pili. Ramani mpya aliichora Ossandón mwenyewe, na hakutaka kuulizwa.