Thamani ya Banda la Nyuma

Kaburi la Rudy Prebich lilikaa mwaka mzima na ushei bila jiwe. Lilikuwa na kibao cha bati tu, kile wanachochomeka watu wa mazishi, na theluji ikianguka hata hicho hukioni. Mama yake, Marlys, alikuwa mpishi wa shule na mjane, katika mji mmoja wa machimbo ya chuma kaskazini mwa Minnesota. Jiwe alilolichagua lilikuwa la dola elfu moja na mia nne. Pesa ya namna hiyo mpishi wa shule huipata mara moja tu kwa mwaka, serikali inapomrudishia kodi iliyomkata kupita kiasi. Basi Marlys akaingoja Februari ya 2016 kama mgonjwa angojavyo kuche.

Siku za Jumanne pale maktaba ya mji walikaa wazee wa kujitolea, wakiwajazia watu fomu za kodi bila malipo. Marlys akaangukia meza ya Wendell Niemi, Mfini mmoja mkavu, wa uzao wa wahamiaji kutoka Finland, aliyeandika mishahara ya mgodi miaka thelathini.

"Mwaka jana kuna deni lolote ulilosamehewa?" Wendell aliuliza, kama alivyomwuliza kila mtu.

"Lipo. Mkopo wa chuo cha useremala wa Rudy. Mkopaji kwenye karatasi nilikuwa mimi. Alipofariki, kampuni ikalifuta."

Wendell akaweka kalamu chini. "Walikuletea fomu ya kodi?"

"Fomu ya nini tena, na deni limekwisha?"

"Lo, Marlys! Deni likisamehewa, serikali inalihesabu kuwa ni pesa uliyoipata."

"Niliyoipata," alisema Marlys polepole. "Kwa kufa mwanangu."

"Sheria sikuitunga mimi, dada."

Wahenga walisema kufa kufaana, lakini hata wao hawakufikia kumtoza kodi mama mfiwa! Sheria ya wakati ule ilikuwa hivyo, wala haikuwa na haya.

Marlys akaipigia simu kampuni ya mikopo. Binti aliyepokea alikuwa na sauti ya sherehe. "Naona hapa deni lako lote limefutwa, mama. Hongera sana!" Marlys akashukuru, maana alilelewa hivyo, kisha akaeleza shida yake. Kumbe fomu ilikwenda mji wa Duluth, kwenye chumba alichopanga Rudy enzi za chuo. Nakala ilichukua siku tisa kufika.

Waliikagua pamoja pale maktaba, Wendell akishikilia rula chini ya kila mstari. Jina lilikuwa sawa. Tarehe ya msamaha sawa. Kiasi, dola elfu thelathini na nne na mia sita, wakakilinganisha na stakabadhi ambazo Marlys alizifunga kwa mpira tangu malipo ya kwanza. Hapakuwa na kosa hata la senti. Heri lingekuwapo, angepata wa kugombana naye.

"Ikienda hivi, hurudishiwi kitu," Wendell alisema, "na juu yake utadaiwa kama elfu tano."

"Na jiwe la Rudy?"

"Tulia kwanza. Pana mlango mmoja. Ikiwa siku ile kabla ya kusamehewa madeni yako yaliizidi mali yako yote, kwa kiasi kinachofika huo mkopo, hutozwi. Nenda nyumbani uorodheshe kila ulichokuwa nacho siku hiyo, na bei yake, na kila ulichodaiwa."

Sasa, watu wa machimbo uwaambie mambo yote, lakini usiwaambie wajitangaze maskini. Marlys alikaa na ile orodha wiki nzima akiiandika kama anayetarajia wakwe. Jumanne iliyofuata Wendell akaisoma, miwani ikamteremka puani.

"Nyumba elfu sitini? Hii ni yako au ya meneja wa mgodi?"

"Nyumba yangu ni safi, Wendell."

"Nani kasema chafu? Nauliza nani angeinunua, mwaka ule ambao nusu ya mtaa wenu walisimamishwa kazi?"

"Ninyi Wafini, kazi yenu kushusha bei tu."

"Na ninyi Waslovenia mkiulizwa bei ya kuku mnataja ya ng'ombe. Lete ile barua ya kaunti ya kukadiria nyumba."

Barua ilisema elfu kumi na nane. Marlys akakubali. Gari bovu la kubebea mizigo likashuka kutoka elfu sita hadi elfu mbili na mia tano. Fanicha, vyombo, akiba ya benki, vyote vikapunguzwa kimoja kimoja mbele ya macho yake, naye akivumilia kwa ajili ya jiwe. Upande wa madeni palikuwa na ule mkopo na deni la nyumba alilodaiwa na benki, na sasa yaliizidi mali kwa kiasi kinachoufikia mkopo, kwa shida. Kisha Wendell akafika kwenye mstari wa chini wa barua.

"Banda la nyuma: sifuri."

"Banda gani?"

Wendell akasita. "Nadhani ni sauna."

Ilikuwa sauna kweli, kibanda cha kuogea mvuke, na aliijenga Rudy. Alirudi na cheti chake cha useremala, akakata mierezi mwenyewe, akaunganisha kona bila msumari hata mmoja unaoonekana. Aliimaliza Oktoba. Waliogea humo Jumamosi saba, kabla barafu ya ziwa haijampasukia yeye na pikipiki yake ya theluji, wakazama.

"Andika elfu nane," alisema Marlys.

"Mnunuzi haongezi hata senti kwa ajili ya sauna isiyo na msingi. Kaunti hawajakosea."

"Elfu nane, nimesema!"

Wendell akapiga hesabu, akamgeuzia karatasi aione mwenyewe. Kwa elfu nane, mali ingepanda, sehemu ya mkopo ingetozwa, na kodi hiyo ingeumeza mrejesho wote. Kwa sifuri, angerudishiwa wote, na mchonga mawe angelipwa kabla ya majira ya joto.

Marlys akaipitia ile hesabu kwa kidole, mstari kwa mstari. Watu wawili nyuma yake kwenye foleni wakaanza kukohoa.

"Nipe kalamu. Hiyo niandike mimi."

Akaandika sifuri, ya duara, nadhifu, kama alivyofunzwa shule. Chini yake palikuwa na maneno ya kiapo kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Akayasoma hadi mwisho, akatia saini.

"Umefanya vyema," Wendell alisema. "Jiwe atalipata."

"Mwanangu alijenga kitu kimoja tu duniani, Wendell. Na mimi mama yake ndiye niliyeapa kwamba hakina thamani."

Wendell akamsogezea karatasi. Marlys akachukua nakala yake, akaikunja mara mbili, akatoka nje bila kufunga koti.