Neno Nililomfundisha Esperansi

Enzi zetu pale Kagunga, kijijini kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, Kiingereza chote cha darasa la tatu kilikuwa sentensi moja. Mwalimu akiingia tunasimama, anauliza, "How are you?" na sisi sote, mwenye njaa, mwenye upele, aliyetoka kuchapwa, tunapaza sauti, "I am fine!" Maana yake hatukuambiwa. Tulijua tu kuwa ndiyo "nzuri" ya Wazungu, na kwetu "nzuri" haimnyimi mtu haki ya kuumwa. Bibi yangu hata akiwa hoi kitandani aliitikia, "Nzuri, mwanangu," akavuta pumzi, ndipo akaanza kuorodhesha: mgongo, kifua, miguu. Salamu kwanza, ugonjwa baadaye.

Warundi walipovuka mpaka wakikimbia vita kwao, ufuko wote ulijaa. Pale tulipokuwa tukicheza rede pakawa vyumba vya watu, kuta zake vitenge. Moshi wa kuni mbichi, dagaa waliokosa pa kuanikwa, watoto wakikohoa. Hapo ndipo nilipompata Esperansi, rika langu, aliyeruka kamba kutushinda sote. Alitaka Kiingereza. Mimi sikuwa mtu wa kutoa kitu bure.

"Mahindi ya kuchemsha, viganja viwili," nikamwambia.

"Kimoja. Neno lenyewe fupi."

"Fupi, lakini la Wazungu."

"Kimoja, na kamba yangu hadi jioni."

Tukakubaliana. Alilishika mara moja, akanizidi hata matamshi.

Halafu kuhara kukaingia ufukweni. Siku ya pili macho ya Esperansi yalikuwa yameshadidimia. Akaja muuguzi wa Kizungu, akipita kwa wagonjwa mmoja mmoja kuchagua wa kupakiwa kwenye boti ya kwenda hospitali, Kigoma mjini. Mkalimani wake alikuwa amebaki nyuma, anabishana na wazee. Muuguzi akainama mbele ya Esperansi, aliyelala mapajani mwa mama yake, akauliza, "How are you?"

Esperansi akajiinua kwa kiwiko. "I am fine." Wazi kabisa. Kisha akangoja aulizwe la pili ili aseme tumbo.

Muuguzi akatabasamu, akampapasa kichwa, akaenda kwa mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilijua anaumwa. Lakini kichwa kilikuwa kimenivimba: mwanafunzi wangu kaongea na Mzungu! Boti ikaondoka.

Tulimzika kesho yake, mchana. Mama yake akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa Kirundi, "Urakoze cane," kwa kuwa nilimfundisha mwanawe kujibu vizuri.

Nilipofika sekondari, Ujiji, ndipo mwalimu akatueleza: "fine" ni neno la mtu asiye na tatizo kweli, mgonjwa akilitumia, amejitoa mwenyewe kwenye foleni. Darasa likacheka. Mimi niliomba ruhusa nitoke nje.

Leo nina genge la mboga Buzebazeba, huku huku Kigoma. Vijana wa sasa wana "poa" na "freshi" zao, wengine wanajibu kwa kidole gumba cha kwenye simu, basi, wamemaliza. Enzi zetu walau tulijua kuwa jibu la kwanza lilikuwa adabu tu, habari yenyewe inafuata. Binti yangu akisema "freshi", namuuliza tena.

"Mama nawe! Si nimeshakujibu?"

Umenijibu, namwambia, sogea hapa. Kisha namwekea mkono shingoni, nipime joto mwenyewe.