Mkono wa Chuma na Swali la Mama Nasimiyu

Mwaka wa 2003, nikiwa na miaka thelathini na minne, ndipo shida iliponianza. Shule niliacha darasa la nne, mwanangu, lakini hakuna chuma kilichonishinda, na hilo nalisema bila haya.

Nilikuwa nachomelea milango Kitale, katika karakana iliyokuwa uani mwa ghala la mahindi. Mwenye ghala akaniambia nimtengenezee mashine ya kupanga magunia kabla ya mavuno. Ikifanya kazi, nitabaki pale. Ikishindwa, nitoke, aweke magunia yake. Nikaunda mkono wa chuma wenye mota mbili na jeki ya mafuta. Watu wakauita roboti.

Kila aliyepita alikuwa na lake. Dereva wa lori alitaka upime uzito, karani akataka uhesabu. Nikakubali yote, maana sifa ni tamu. Mwenyewe nikaongeza kushona.

Mama Nasimiyu alikuwa akishona magunia pale kabla sijaota ndevu. Alisimama na sindano yake, akautazama.

"Fundi, huyu mtu wako kazi yake ya kwanza ni gani?"

"Anainua, anapima, anahesabu, anashona, anapanga."

"Nimeuliza ya kwanza."

"Si zote tu, Mama?"

"Ati zote. Na hilo gunia unalojaribia umetoa wapi?"

"Hapo ndani."

"Hilo nimeshona mimi, limelala vizuri. Yanayotoka mashambani Saboti huja yamejazwa mpaka shingoni, yamefungwa kamba. Umewahi kubeba moja?"

Sikuwa nimebeba. Nikamwambia anaogopa kunyang'anywa sindano.

Lori la kwanza la mavuno lilitoka Saboti. Vidole vya chuma viliteleza shingoni, gunia likapasuka, mahindi yakamwagika hadi langoni. Wapakiaji walikalia magunia wakacheka. Mwenye ghala hakunigombeza. Alinionyesha lango tu.

Nikahamia Bungoma. Kabla ya kukata chuma kingine, nilibeba magunia wiki nzima na wapakiaji, nijue yanashikika wapi. Kisha nikaandika ukutani kwa chaki: mavuno haya, kuinua hadi begani. Yajayo, kugeuka. Ya tatu, kupanga. Neno kushona nikalikata kwa mstari. Ikawa hivyo, mavuno kwa mavuno. Nilirudi Kitale kumwambia Mama Nasimiyu alisema kweli. "Najua," akasema, akaendelea kushona.

Wewe umesoma, una kompyuta. Sawa. Lakini kabla ya kuchora mashine, andika kazi yake ya kwanza, moja, na mgongo wa nani utapumzika. Ya pili ingoje hiyo imalize mavuno mazima. Andika pia usichotengeneza. Akija mtu na wazo zuri, muonyeshe ukuta.

Leo nina karakana Bungoma, mashine mbili za kuchomelea, nyumba ya matofali, ng'ombe watatu, na ule mkono wa Kitale, mbovu, umesimama mlangoni. Mungu abariki kazi ya mikono yako, mwanangu, akupe na masikio.