Hita Iliyofungwa Ndani ya Eda

Fundi alikuja nikiwa katika mwezi wa pili wa eda. Alipiga hodi mlangoni kwetu Tibirinzi, akampa mama mkwe wangu shikamoo na pole, kisha akasema amekuja kufunga ile hita ya maji. Mume wangu alikuwa amepatana naye wiki moja kabla ya kufa, naye fundi hakutaka ahadi aliyompa marehemu imkae shingoni.

Hita ilikuwa chumbani, ndani ya boksi lake. Mume wangu alifanya kazi Maskati miaka mingi akazoea kukoga maji ya moto, na aliporudi na maumivu ya mgongo akawa hayawezi tena ya baridi. Umeme wetu unapanda na kushuka, kwa hiyo akaagiza hita ya gesi, akaenda mwenyewe kuipokea bandarini Wesha. Haikupita muda akaanguka msikitini, hakuinuka. Boksi likabaki kando ya kitanda, nikalifanya meza. Nilikuwa nikiweka juu yake kikombe cha chai, na chai ikipoa hapo hapo.

Watu waliokuja kunitazama waliniuliza kama nalala, kama nakula. Niliwajibu ndiyo. Sikuwa nalia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: ni wako, lakini ukiushika huusikii.

Kwa kuwa sikutakiwa kuonekana na mwanamume asiye maharimu wangu, nilikaa chumbani nyuma ya pazia. Choo, ambamo hita ingefungwa, kimepakana na chumba hicho. Kila alichosema fundi mama mkwe alinirudilia, ingawa nilisikia yote.

"Muulize bomba la moshi litokee wapi," fundi alisema.

"Anauliza bomba litokee wapi."

"Popote," nilijibu.

"Anasema popote."

Fundi akaeleza. Hita inaunguza gesi kama jiko, na moshi wake lazima utoke nje ya nyumba, kwa bomba linalolazwa na kupitishwa ukutani. Ukuta wa mbele ulikuwa wa matofali, hatua moja tu kutoka kwenye hita, lakini huko bomba lingetokea chini ya dirisha la chumba changu. Ukuta wa nyuma, wa upande wa migomba, ni wa zamani, wa mawe na chokaa. Kuutoboa ni kazi ya kutwa.

"Atoboe wa mbele," nilisema. "Amalize, aende zake."

Safari hii fundi hakusubiri kurudiliwa. "Haifai, bi. Moshi wa gesi hauna harufu. Ukirudi ndani kwa dirisha, mtu analala na haamki, wala hajui."

Nilijua maneno hayo zamani yangenitisha. Nikangoja yanitishe, hayakunitisha.

"Sawa tu," nikasema.

 Kisha pazia likafunuliwa, mama mkwe akaingia, akaketi kitandani mpaka magoti yetu yakagusana. Alikuwa akimenya vitunguu, na mikono yake ilinuka.

"Sawa nini?"

Nilitazama mikono yake.

"Mwanangu, miye nishazika mmoja. Weye usinipe wa pili."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, wala hakunishika. Kisha akapaza sauti kumwelekea fundi: "Toboa huo wa mawe."

Nyundo na patasi vililia mpaka adhuhuri. Fundi akaenda kusali, akarudi, vikalia tena. Vumbi la chokaa likapenya hata chumbani, likanikaa kwenye kope, nami nikaliacha. Alasiri tundu likatokeza nje. Akapitisha bomba, akaliinamisha kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasirudi ndani ya hita, akaziba kandokando kwa saruji. Halafu akaomba udi, aone kama moshi unavutwa sawasawa. Udi mama mkwe alikuwa ameuweka mbali tangu eda ianze, kwani mwenye eda hatumii manukato, basi akachoma kipande cha kumbi la nazi. Fundi akaiwasha hita kidogo, akakisogeza karibu nayo. Mama mkwe akazunguka nje mpaka kwenye migomba, akasimama kutazama, akarudi kunipa habari.

"Unatoka," aliniambia.

Fundi alitaka saruji ikauke kwanza. Siku ya tatu mama mkwe akanitanguliza kukoga. Nilifungua maji, nikasimama chini yake. Mvuke ulijaa chooni.

"Yana moto?" aliuliza mlangoni.

"Yana moto."

"Sana?"

"Kiasi."

Nilipotoka akaingia yeye. Alikaa sana. Mwanzo nilisikia maji tu, kisha nikasikia analia, sauti iliyomtoka tumboni. Tangu siku ya maziko sikuwa nimemsikia akilia. Alishughulika na wageni, na masufuria, na mimi. Niliketi kitandani nikamsikiliza mpaka alipofunga mfereji. Nikakumbuka kwamba hakuingia na kitu cha kujifutia. Nikatoa kanga kavu sandukuni, nikampelekea, naye akanyoosha mkono mlangoni akaipokea.