Mvua aliyoiona mama kwenye gemu langu

Gemu nililolisubiri miaka miwili nimelicheza leo, na sihisi kitu.

Matangazo yake yote nimeyahifadhi. Wenzangu wa baraza letu la mtandaoni nimewachosha kwa kulisifia, na leo walikuwa wananingoja niwaambie zuri au baya.

Dakika ya kumi tu, gemu likakosea: shujaa kazama kwenye lami mpaka kiunoni.

Nikaanza kuwaandikia: takataka.

Mama akaingia kutafuta chaja. Yeye anauza nyanya sokoni Mwanakwerekwe, hajaona tangazo hata moja. Akakaa mkekani, akataka kujaribu.

Gemu la vita hilo. Mama akamtembeza shujaa kwenye soko la humo gemuni nusu saa, hakupigana na mtu.

Na yeye shujaa akamzamia lamini.

"Hapa wameharibu," akasema. Akamtoa, akaendelea.

Kisha akanambia, "Lakini mvua hii kaitengeneza mtu anaeijua. Tazama wachuuzi wanavyofunika vitu kwa nailoni kabla halijaanguka tone. Wewe hukuona?"

Sikuona. Nilikuwa natafuta vilivyokuwemo kwenye tangazo na humu havimo.

Nimefuta nilichoandika.

Mnaoniuliza, muulizeni mama, yeye kalicheza. Mie nshalimaliza zamani, kichwani mwangu.