Siku Niliyomfungia Mama Intaneti

Nianze na ujinga wenyewe: nilitaka kumfungia dada yangu intaneti, nikamfungia mama.

Mama ana saiba, duka la intaneti, pale Salgaa, kati ya hoteli ya nyama na fundi wa pancha. Chini ya meza yake kuna kompyuta kuukuu tunayoiita proksi. Mashine yoyote ikitaka kwenda intaneti lazima ipitie hapo, kama lori kwenye mizani. Proksi inaangalia anwani yake, namba inayoitambulisha, inaamua: pita, au rudi. Sheria naziandika mimi, kwa sababu kwetu ni mimi tu nisiyeogopa skrini nyeusi ya kuandikia amri.

Siku hiyo dada alikataa kuosha sufuria, akakaa kwenye mashine ya dirishani kutazama sinema za Kikorea. Nikaizuia anwani ya mashine yake, na ukurasa wa kukataliwa nikauandika: "Umenyimwa. Sufuria zinakungoja." Nikatoka kutafuta mahindi choma, nisubiri kelele.

Badala ya kelele, stima ikapotea, mashine zote zikazima. Ikirudi, rauta yetu, kisanduku cha kusambaza intaneti, hugawa anwani upya kwa foleni, anayewashwa kwanza anachukua ya kwanza. Desturi ni mama aanze. Lakini stima iliporudi mama alikuwa na wateja, dada akamtangulia, na anwani zao zikabadilishana: ile niliyoizuia ikaangukia mashine ya mama.

"Kuja hapa," mama aliniita, kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele.

Wateja walikuwa msichana wa Olenguruone na babake, miguuni gambuti zimejaa matope. Msichana alikuwa anaomba nafasi ya kusomea unesi, na maombi yalikuwa yanafungwa jioni hiyo hiyo. Fomu ilijazwa kabla ya stima kupotea. Ilibaki kuifungua na kuituma. Skrini ikasema sufuria zinamngoja.

"Wamemnyima?" mzee akauliza, kofia mkononi. "Na sufuria ni za chuo?"

"Hapana, mzee. Ni mitambo tu."

"Mitambo inajua sufuria," dada akasema kutoka dirishani, sinema yake ikienda vizuri kabisa.

Nikaingia chini ya meza, nikaongeza mstari wa kuruhusu anwani ya mama. Kwa haraka nikauweka mwisho. Sasa, proksi husoma sheria kutoka juu, na ikipata inayokuhusu haiendelei kusoma. Mama akabonyeza. Sufuria tena.

"Boss, tafadhali," msichana akaniambia. Sijawahi kuitwa boss na mtu anayekaribia kulia.

Nikauhamisha mstari juu, nikaiambia proksi isome upya. Mama akafungua fomu, akabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, halafu ukaandika kwamba maombi yamepokelewa. Mzee akakaa kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Nikaanza kuipa kila mashine anwani ya kudumu, ili stima isituchezee tena. Mama akamsindikiza msichana hadi mlangoni, akamwambia huku akinielekezea kidole, bila kupunguza sauti:

"Ukishakuwa nesi, huyu akiletwa kwako mgonjwa, mtafutie sindano butu."