Ubatizo wa Mchungaji wa Busaa

Hakuna kitu cha dunia hii ambacho kingenishangaza. Nilikuwa nasema hivyo mbele ya watu, na nilikuwa na haki ya kusema. Niliacha shule darasa la nne, nikachuna chai ya wenyewe, nikauza maziwa, na kabla sijafika miaka arobaini nilikuwa na ekari nane za chai hapa Boito na pikapu isiyo na deni. Hata kanisa letu la mbao lilisimama kwenye kona ya shamba langu. Mbao zangu, mabati yangu.

Halafu mchungaji wetu akaonekana Merigi, kwenye mazungumzo ya mahari ya mpwa wake. Alikuwa ameketi na wazee kuzunguka chungu cha busaa, pombe ya nafaka ambayo kanisa letu linaikataza, mrija mrefu mdomoni. Kwetu mtu hawezi kusema alikuwa anasalimia tu, kwa sababu kila mrija una mwenyewe na chungu ni kimoja. Hakukana. Wiki hiyo hiyo alifunga mizigo.

Mimi nilidhani mambo yameisha. Lakini mwenyekiti wa wazee wa kanisa alisimama Jumapili na kusema kwamba wote waliobatizwa na yule mtu walioga tu. Warudi mtoni wazamishwe upya, au wasiguse meza ya Bwana. Na asiyeshiriki meza, kanisa halimwimbii akifa.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alibatizwa uzeeni, baada ya kukataa miaka mingi, na kifua chake kilikuwa kibovu. Mto wetu unatoka msituni na ilikuwa Julai. Kila mtu alijua maji yale yangemmaliza.

"Kwa hiyo nitafukiwa kimya kimya kama ng'ombe?" aliniuliza.

Nilimwendea mwenyekiti. "Nitang'oa mabati yangu, muombe kwa mvua."

Alicheka. "Ng'oa, mdosi. Mungu alikuwako kabla ya mabati yako."

Basi nikatuma pikapu imlete pasta wa mashamba makubwa ya kampuni za chai, mtu wa upande wa ziwa, aliyesomea mambo ya kanisa la zamani. Alisimama mbele yetu Jumamosi alasiri, akasema ugomvi wetu si mpya. Zamani za Warumi, huko Afrika ya kaskazini, Kaisari aliamuru Maandiko yachomwe. Maaskofu wengine wakaogopa, wakawapa askari vitabu. Mateso yalipokwisha, watu wakasema: mikono iliyotoa Maandiko haiwezi kubatiza. Waliobatizwa nayo warudie. Kanisa likapasuka vipande viwili, kila upande na askofu wake, kwa zaidi ya miaka mia.

Hapo, nakubali, niliketi wima. Waafrika, wakati hata chai haijafika hapa, wanagombana kama sisi.

"Na nani alishinda?" mwenyekiti akauliza.

"Waliosema ubatizo ni wa Kristo, si wa mchungaji. Mzee, mchunaji mlevi akileta majani mawili na chipukizi kama inavyotakiwa, karani wa chai atayakataa?"

"Atayapima."

"Basi."

"Ngoja, Pasta. Na akiwa amemwaga pombe ndani ya kikapu?"

Watu walicheka, hata pasta. Akajibu kwamba Mungu hayuko ndani ya kikapu cha mtu. Mikono ilipoinuliwa, wengi walikuwa upande wetu, na nilinunulia kanisa zima soda.

Mwenyekiti hakunywa. Alitoka na watu wake, pamoja na karibu akina mama wote wazee wa kikundi cha maombi. Wakaanza kuabudu kwenye kibanda cha kununulia majani ya chai, maana Jumapili hakinunui. Jumapili iliyofuata nilimkuta mama yangu anabeba kigoda chake kuelekea huko.

"Mama, si tumeshinda? Ubatizo wako ni mzuri."

"Ni mzuri. Pasta amesema kweli."

"Sasa?"

"Wenzangu wako kule. Nyinyi mkiniimbia, mtaimba kama watu waliolipwa. Wewe unafikiri nitazikwa na hoja?"

Na wenzake walimtaka aingie majini upya kama wengine. Nikarudi kwa pasta. Aliniambia kwamba Wakristo wa mwanzo kabisa, walipokosa maji yanayotiririka, walitumia mengine, na aliyeshindwa na baridi walimruhusu maji ya moto. Nilimpelekea mwenyekiti habari hiyo. Alifikiri, akakuna kidevu.

"Hao ni wa kabla ya wale waliotoa vitabu?"

"Kabla yao."

"Basi hao nawakubali."

Nilijenga tangi la mawe nyuma ya kile kibanda, upande wa shamba langu. Tulichemsha maji kwa mapipa tangu asubuhi. Mama aliingia na gauni lake la Krismasi, mwenyekiti akamzamisha, akatoka anafuka mvuke kama chungu, na wale wazee wenzake wakamfunika blanketi huku wanaimba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika kanisa langu. Aliimba nao mpaka kikohozi kikamkatiza.

Usiku nilipiga hesabu. Mawe, simiti, fundi, kuni na petroli ya kumleta na kumrudisha pasta: shilingi elfu kumi na nne, mia saba na thelathini.